Jina Zuri kwa Ugonjwa wa Kefa

Jumatatu, 10 Juni 2024

Balaa! Barua ya posa ya binti yangu Witness imekubaliwa. Yeye anacheka tangu asubuhi, mimi nakagua komeo la ghala. Mshenga wao, Mzee Gerald wa Misigiri, amekunywa chai yangu, amekula viazi vyangu, kisha akiwa mlangoni kabisa akasema wazee wa kwao watakuja hapa Ulemo Jumamosi ya tarehe 22. Wanataka tufahamiane. Na waulize mawili matatu kuhusu afya ya ukoo.

Afya ya ukoo! Najua wanamuulizia nani. Wanamuulizia Kefa.

Kefa ni mdogo wangu, tumbo moja. Miaka kumi na miwili iliyopita alikaa siku tisa bila kulala. Akalima eka tatu za jirani ambaye hakumwomba, huku akihubiri na kujibizana na sauti alizozisikia yeye tu. Kisha akalala akiutazama ukuta kwa miezi mitatu. Sasa anameza dawa kila asubuhi, anafuga nyuki, hana ugomvi na mtu. Lakini kijiji hakisahau. Yule jirani bado anasema hajawahi kulimiwa vizuri vile.

Mke wangu Martina anasema niwaambie ukweli. Ukweli! Huyu hajawahi kuozesha binti. Wala mimi sijawahi, lakini mimi nina uzoefu wa kuogopa.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya kliniki ya Kefa. Huwa anakwenda peke yake. Leo nikamsindikiza. Alifurahi, njiani akaninunulia karanga. Hakujua nimefuata jina.

Maana kadi yake imeandikwa skizofrenia. Neno kama hilo utalitamkaje mbele ya wakwe? Mpango wangu: daktari aandike malaria. Malaria haijawahi kuvunja posa ya mtu.

Daktari Eliana ni binti mpole, anauliza polepole kama mtu anayechambua mchele. Kumbe naye alikuwa na lake. Amekuwa akilisoma faili la Kefa na alitaka kumsikia ndugu. Zile siku tisa alikuwa mchovu, au alikuwa na nguvu kupita kiasi? Sauti zilianza lini, zikaisha lini? Aliporudia kuumwa, ilikuwaje? Mimi kila swali nikajibu malaria. Kefa akawa ananisahihisha taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi.

Nikauliza kwa nini asipime damu tukamaliza. Akasema damu hupimwa kuondoa magonjwa mengine, ila huu wenyewe haumo kwenye damu. Unajulikana kwa kuuliza, kutazama, kuwasikiliza wa nyumbani, na kuhesabu: siku ngapi, mara ngapi, umemzuia mtu kufanya nini. Aliyemwona Kefa mwanzo alimkuta kwenye siku za sauti, akaandika alichokiona. Lakini kwa miaka yote hii sauti hazijawahi kuja peke yake. Huja Kefa akiwa amepanda juu, huondoka akishuka. Basi akakata neno moja, akaandika jingine. Baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka.

Limebadilika! Mbele ya macho yangu! Kwa kalamu ya kawaida!

Nikamshukuru sana, nikamwomba sasa asogee hatua moja tu, afike malaria. Akacheka. Nikasema basi hata taifodi. Akaacha kucheka. Akasema jina analoandika ni la kumsaidia kuchagua dawa, na daktari mwingine akilisoma aelewe. Si nguo ya kumvalisha mtu aende nayo harusini.

Nilitoka na kijitabu kilichokuwa mezani kwake. Sikukiiba. Nilikiazima bila kusema.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekisoma chote nyuma ya ghala, nikitafuta ugonjwa wenye jina la heshima. Hakuna. Kila ukurasa una dalili zimepangwa kama madai ya wazazi kwenye kikao cha shule, na chini yake muda: hizi kwa wiki mbili, zile kwa mwezi, nyingine miezi sita.

Ukurasa wa kumi na tisa ulinikera. Wasiwasi uliopitiliza. Mtu ana hofu siku nyingi kuliko siku za amani, kwa miezi sita au zaidi. Misuli inakaza. Usingizi haba. Anashtuka ovyo. Anafikiria mabaya ambayo hayajatokea. Hivi waandishi wa kitabu hiki wana watoto? Huo si ugonjwa. Huo ni uzazi!

Nimekagua komeo la ghala mara saba. Lilikuwa limefungwa mara zote saba.

Jumapili, 16 Juni

Mpango mpya, na huu hauhitaji daktari. Kefa asiwepo.

Baada ya ibada nikamwambia kuna mfugaji wa nyuki huko Mitundu, mzee mmoja anaitwa Elisha, anahitaji sana mtu wa kumfundisha mizinga ya kisasa. Jina lilinijia tu mdomoni. Aondoke Alhamisi, akae hata wiki. Kefa akaniangalia kidogo. Akauliza huyo Elisha nimemfahamia wapi. Nikasema mnadani. Akasema sawa, kaka.

Martina alisikia yote akiwa anachambua mlenda. Mke wangu akinyamaza, hata kuku wanahama uani.

Jumanne, 18 Juni

Aibu! Nilikwenda Misigiri kununua mchele wa wageni. Nani ananishika bega? Mzee Gerald. Shikamoo zikapita, habari za alizeti zikapita, kisha akaniuliza kwa ukunjufu kabisa: yule ndugu yako mwenye asali hajambo?

Nikasema sina ndugu.

Sijui ilitokaje. Nilifungua mdomo kusema hajambo, likatoka hilo. Na nikaongeza! Nikasema mimi ni mtoto wa pekee kwa mama yangu. Mzee Gerald akasema pole, akaniangalia mpaka nikapotelea nyuma ya magunia. Mchele nimesahau hukohuko dukani.

Alhamisi, 20 Juni

Kefa ameondoka na basi la asubuhi. Amebeba dawa zake kwenye kopo, zimehesabiwa za siku saba. Alinipungia mkono dirishani. Nikajiambia ni vumbi lililoniingia machoni.

Witness ameuliza baba mdogo amekwenda wapi kipindi hiki. Nikasema kazi. Akasema kazi gani hiyo isiyoweza kungoja siku mbili, wakati baba mdogo ndiye aliyemfundisha yeye kusoma alipolala kitandani na surua. Nilikuwa nimelisahau hilo. Nikaenda kukagua komeo.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika jioni hii, wageni wameshaondoka.

Walikuja watano. Mzee Gerald mbele, na shangazi wa bwana harusi, Bi Anastasia, mwanamke mwenye macho ya mizani. Walikula vizuri. Kisha Mzee Gerald akakohoa, akauliza habari za afya ya ukoo.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema ukoo wetu hauna ugonjwa wowote. Hata mafua yanatupita.

Hapo bodaboda ikasimama nje. Kefa! Ndoo ya asali mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Mimi nikasimama haraka nikawaambia huyu ni fundi wa mizinga, amekuja kwa kazi.

Kefa akaweka ndoo chini.

“Mimi ni mdogo wake,” akasema. “Baba mdogo wa Witness. Na kama mnauliza mgonjwa wa ukoo, ni mimi. Ugonjwa unaitwa baipola. Dawa nameza kila asubuhi. Nikianza kukosa usingizi na kusema sana, shemeji ananiona mapema, tunakwenda hospitali. Mwaka wa tano sasa sijaumwa. Ulizeni lolote.”

Witness alikuwa ameshika sinia la vikombe. Akalitua, akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na Kefa. Kwangu hakutazama. Mwanangu, niliyemfanyia yote haya!

Mzee Gerald akapangusa midomo.

“Wewe tunakujua, mwanangu. Asali yako tunakula mwaka wa nne, na habari zako tulikwishaulizia. Swali letu lilikuwa la mwingine.”

Bi Anastasia akamalizia, akinielekezea kidole kabisa.

“Huyu mzazi. Tumeambiwa hakai, halali, anafungua na kufunga ghala kama anasakwa na polisi. Na Jumanne alimwambia mshenga wetu kwamba hana ndugu. Sasa huyu yeye anatumia dawa gani?”

Nilitaka ardhi inimeze. Ikakataa.

Wakatoka nje kuteta chini ya dirisha. Dakika ishirini! Nilihesabu mapigo ya moyo wangu, nikapotea, nikaanza upya. Witness alikuwa analia bila sauti, Kefa akimshika mkono. Waliporudi, Mzee Gerald akasema posa iko palepale, binti amelelewa vizuri. Ila wanaomba kwa heshima baba mzazi aonwe na daktari wa Kefa kabla ya harusi, maana sherehe ina kelele nyingi.

Walipoondoka nikamkuta Kefa kwenye mizinga. Nikamwuliza mbona amerudi mapema. Akasema Elisha yupo kweli huko Mitundu, na nyuki anao, na ndoo ile ni zawadi yake.

“Ila hajawahi kukusikia, kaka.”

Nikainama, nikajifanya nakagua mzinga.

“Ungeniambia tu,” akasema. “Ningeshinda huku kwenye mizinga. Mitundu ni mbali.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda. Kefa amenisindikiza, Martina ameamuru. Kijitabu nimekirudisha, nikasema nilikiokota njiani. Daktari Eliana akanihoji kama alivyomhoji Kefa. Wasiwasi huu una miezi mingapi? Nikasema tangu mwaka 1998, alipozaliwa Witness. Usingizi? Mabega? Umekuzuia kufanya nini? Nikakwepa. Kefa akajibu.

Jina limeandikwa, ni lile la ukurasa wa kumi na tisa. Akasema linatibika, hasa kwa mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yanahitaji niseme kweli. Nikaahidi. Nilikuwa nasema kweli kabisa wakati ule. Nitakuja kila Jumatano, wiki nane.

Nikatoka kifua kimekuwa chepesi. Nikakaa kwenye benchi la nje, mlango wa kliniki mgongoni kwangu na maandishi yake makubwa ya bluu: KLINIKI YA AFYA YA AKILI. Nani anakuja akichechemea na goti lake? Mzee Gerald! Mtu aliyeniomba yeye mwenyewe nije hapa! Akanisalimu, akafurahi, akasema naona umeitikia wito.

Nikasema hapana. Nikasema mimi ni mjumbe wa kamati inayokagua mabenchi ya hospitali.

Akalitikisa benchi kidogo. Kisha akasema hongera, na kwamba benchi la kule kwa wagonjwa wa mifupa lina msumari, tafadhali niliingize kwenye ripoti, naye Jumatano ijayo atapenda kuisoma.

Jumatano ijayo! Nina siku saba tu. Kamati lazima iwe na mwenyekiti, nimefikiria niwe mimi. Martina nimemwomba daftari, hajanijibu. Mabenchi nakumbuka matano, lakini upande wa wajawazito sikufika. Kesho narudi mapema nikayahesabu, kabla watu hawajayakalia.