Zizi Langu Limefunguliwa kwa Dunia Nzima

Busawe, Serengeti

Ndugu Meneja,
Kilele Intaneti, Mugumu.

YAH: SEVA YANGU KUFUNGULIWA KUPITA KIASI

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa Nchagwa, mteja wako wa mwaka wa tatu. Huku wote hatujambo, isipokuwa mimi.

Kwanza nakupongeza. Mwezi uliopita fundi wako Simon alikuja kuiwezesha seva yangu ifikike kutoka nje. Seva yenyewe ni kompyuta ndogo iliyoko stoo, juu ya magunia ya mtama, na ndani yake zimo picha za ng'ombe wangu wote: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, masikio na alama. Binti yangu Elieth, daktari wa mifugo aliyeko Mwanza, ndiye aliyezipanga, ili mnyama akiugua amtazame akiwa huko huko, na akiibwa tuwe na picha ya kuwaonyesha polisi. Simon alibonyeza robo saa, akasema sasa mtu ataifungua popote penye intaneti. Sikujua kama nchi hii ina kampuni inayosema jambo na likawa kweli. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanangu Marwa anataka kumuoa Rhobi, binti wa Mzee Werema wa Nyambureti. Kwenye kikao cha mahari nilijieleza kama mzazi yeyote mwenye akili timamu: ukame, ugonjwa wa ndigana, wezi. Nilisema zizini wamebaki kumi na mmoja, tena wamekonda. Nilitoa na machozi kidogo. Tukakubaliana ng'ombe wanane, tukanywa, tukaagana vizuri.

2. Siku nne baadaye Mzee Werema alinipigia simu kunipa hongera. Alisema amefurahi kuona ng'ombe wangu wamezaliana kutoka kumi na mmoja hadi arobaini na watatu ndani ya siku nne, akaomba jina la dawa ninayotumia. Kisha akasema sasa anataka ishirini, la sivyo Rhobi atabaki kwao. Tangu siku hiyo Marwa hali, na mimi haniamkii.

3. Kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hadharani. Ndugu yangu wa tumbo moja hajui idadi yangu. Wahesabu mifugo wamepita hapa mara tatu, wakaondoka na idadi niliyowapa kwa heshima zote. Kazi iliyoishinda serikali, kampuni yako imeimaliza kwa robo saa!

4. Simon anajitetea kwamba seva ina nenosiri, na asiye nalo haingii. Huo ni utetezi wa kitoto. Zizi langu pia lina mlango, lakini hakuna aliyewahi kuuleta mlango huo hadi sebuleni kwa Mzee Werema.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, seva ifikike kwa Elieth peke yake, na aone ng'ombe wagonjwa tu. Wenye afya wafichwe. Pia mmwandikie Mzee Werema barua yenye muhuri, kumweleza kwamba ng'ombe thelathini na wawili waliozidi ni hitilafu ya mtandao. Mkishindwa, kampuni itoe wale kumi na wawili walioongezwa kwenye mahari. Msilete waliokonda.

Nisalimie wafanyakazi wote, na dada wa mapokezi, na mlinzi wa getini. Simon naye msalimie, ingawa kwa sauti ya chini.

Wako niliyevuliwa nguo,
Mzee Nchagwa

N.B. Elieth yuko hapa likizo. Ameisoma barua hii, akasema haitoki nyumbani bila ukweli. Haya: nenosiri nilimpa Mzee Werema mimi mwenyewe. Tulipokuwa tunakunywa alidai fahali wake hana mpinzani Serengeti nzima, nami nikamwandikia nenosiri kiganjani akamwone wangu. Sikufikiri kwamba akimwona mmoja atawaona wote. Jana kapiga tena, anasema fahali yule ni wa kuazima, nilimleta kupigwa picha tu. Hilo sikulivumilia. Nimekubali ishirini, na fahali mwenyewe atatangulia mbele Jumamosi, ili Mzee Werema ajue alikuwa wa nani. Marwa ameanza kula. Sasa asiyekula ni mimi. Seva msiifunge. Nikiwa mnadani nitapenda kumtazama fahali wangu.