Chupa ya Mwisho ya Matrida

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mimi Stanislausi Magige wa Butiama, miaka sabini na tisa. Ndui imepita, vita ya Kagera imepita, waliokuwaga wanasema nina kifua kibovu nimewazika wote. Matrida, mke wangu, sikukusudia kumzika. Alifariki Desemba. Ameacha chupa moja ya jamu ya mapera. Sijaifungua.

Marcelina, mjane wa kaka yangu, jamu yake imepata alama ya ubora. Inauzwa mpaka Musoma! Anatembea kama mbunge. Nimemwambia mapishi ni ya Matrida. Kasema ndiyo, shemeji, alinifundisha, wewe ulikuwa unangoja kulamba mwiko.

Tutaona.

Jumatano, 5 Juni
Nimepika mwenyewe. Mapera, sukari, moto mkali. Wanawake wanakuzaga kazi ndogo! Imeungua. Nikaongeza maji. Marcelina kaonja, kasema hii ni ya kuzibia bati.

Alhamisi, 6 Juni
Akili! Nimepeleka Musoma, ofisi ya alama ya ubora, chupa ya Matrida, nimesema nimepika mimi. Wataonja kwa ncha ya kijiko, watanirudishia. Binti wa ofisi, Brenda, kaniita babu fundi. Sikukataa.

Jumatano, 19 Juni
Brenda kapiga simu. Imepita! Safi kabisa! Nimepiga kelele mpaka Marcelina katoka na ufagio. Kumbe bado: watakuja kukagua jiko, wanione nikipika ileile. Nikasema sawa, chupa yangu mje nayo. Kasema sampuli hairudigi, babu. Imepimwa, imekwisha.

Imekwisha.

Sikula.

Ijumaa, 21 Juni
Wamekuja. Nimepika. Imeungua tena. Brenda kauliza kwa upole, babu, ile alipika nani? Nikasema moshi umeniingia machoni. Alama hakuna.

Jioni Marcelina kaleta chupa yake, hakunicheka. Afadhali angenicheka. Nimeonja. Karibu iwe yenyewe. Matrida alikuwaga anamalizia na limau. Nimemwambia Marcelina ni mbaya, nikaila yote.

Jumapili, 23 Juni
Kanisani nimepata akili mpya. Ile chupa tupu ya Marcelina nimeibandua karatasi yenye alama, nimeibandika kwenye jamu yangu. Kesho sokoni Bunda, huko hawanijui. Sidanganyi mtu! Jamu ya nyumba hii ilipimwa ikapita. Asiyeamini aje amuulize Matrida. Yupo nyuma ya nyumba, karibu na mpera.