Chuo cha Sebuleni

Profesa hakuwa profesa. Tuliweke wazi mapema, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuliweka wazi. Darasa la sita alitokea dirishani, na tangu hapo hakurudi hata kufuata daftari lake. Alichokuwa nacho ni tai mbili, sauti nzito ya kutangazia misiba, na ulimi uliopakwa mafuta. Watu walimwita Profesa, naye kwa unyenyekevu mkubwa hakuwakatalia.

Asubuhi moja alikuwa kwa kinyozi, ndevu za upande mmoja zimeisha, za upande wa pili bado, ndipo jamaa wa kiti cha jirani, mpishi wa hoteli kubwa, alipoanza kulalamika.

"Eti kila anayetaka usimamizi awe na cheti. Miezi mitatu tumepewa! Mtu una miaka ishirini kazini, darasani utakwenda saa ngapi?"

Profesa akainua kidole. Kinyozi akasimamisha wembe.

"Ndugu yangu, nani kakwambia uende darasani? Siku hizi darasa linakufuata nyumbani."

"Linanifuataje?"

"Kwa bahasha."

Akasimama, akaondoka na nusu ya ndevu, kwa kuwa riziki haimngoji mtu amalize kunyolewa.

Ijumaa ya wiki hiyo Chuo cha Sebuleni kilikuwa kimezaliwa, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Mali yake ilikuwa meza, mashine kuukuu ya fotokopi na mhuri mkubwa kama kisahani, wenye maneno: NIMESOMA NA KUKUBALI, MKUU WA CHUO. Masomo ya Usimamizi wa Kisasa yalitoka kwenye kijitabu cha ufugaji. Profesa alichukua kalamu, na kila palipoandikwa kuku akaandika mfanyakazi. Ndivyo watu wazima, wenye familia zao, walivyokaa majumbani mwao wakikariri kwamba mfanyakazi mgonjwa atengwe na wenzake mapema, na kwamba wafanyakazi hupenda kulala mahali pakavu.

Kila Ijumaa wanafunzi walileta majibu. Profesa aliyapiga mhuri na kuyapa alama kati ya tisini na tisini na saba, maana mia kamili huleta maswali. Chini aliandika "Vizuri sana", au "Ongeza mifano", au "Endelea hivyohivyo", kwa zamu. Kuyasoma hakuyasoma. Kusoma, alisema, kunaharibu macho.

Kati ya wanafunzi hao alikuwemo Bi Funguo, mtunza stoo ya mashuka pale hotelini. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitembea na funguo zake kiunoni, kila mlango akiujua kwa mlio wake. Usimamizi wa stoo ulikuwa wake kwa haki zote, ila cheti hakuwa nacho. Asipokipata, nafasi ingekwenda kwa mpwa wa meneja, kijana asiyeweza kutofautisha shuka na pazia. Wazo hilo lilimnyima raha kabisa.

Alisomea chumbani, mlango kaufunga. Alikuwa akimkwepa mumewe, mwalimu mstaafu aliyetembea na kalamu nyekundu mfukoni na kusahihisha chochote kilichopita mbele yake, hata kadi za harusi za watu. Kufundishwa na mume wa namna hiyo, Bi Funguo alisema, ni kuitafuta talaka kwa miguu yako mwenyewe.

Wiki ya tano akachanganya bahasha. Majibu yake yakaenda kwa dobi, na orodha ya nguo za dobi ikaenda chuoni. Ya chuoni iliporudi, mumewe ndiye aliyeifungua.

"Mke wangu."

"Abee."

"Mashuka mia mbili na kumi. Taulo tisini. Foronya thelathini zina madoa." Akashusha miwani. "Hii imepata tisini na nne?"

Bi Funguo akaipokea ile karatasi. Mhuri upo, sahihi ipo, na chini: "Ongeza mifano."

"Labda... kaipenda," akasema kwa sauti ndogo.

"Huyu hajasoma hata jina lako."

Aibu ikampanda, kisha hasira, kisha machozi ambayo hakuyaficha. "Wiki tano! Naamka kabla ya jogoo, nakariri namna ya kuwapa wafanyakazi maji safi! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, mume wangu."

"Twende polisi."

"Polisi watanipa cheti?" Akafuta macho, akaitazama tena karatasi, mara akaanza kucheka, kicheko kilichomfanya mumewe arudi nyuma hatua moja. "Lete hiyo kalamu yako. Leo nina kitu cha kuandika, na nataka unisahihishie kila nukta."

Mwalimu mstaafu hakuwahi kuambiwa maneno matamu kama hayo katika ndoa yake yote.

Wiki ya saba Bi Funguo akapeleka majibu, kurasa tatu za majibu na ukurasa wa nne wa jambo jingine. Vyote vikarudi vimepigwa mhuri. Tisini na sita. "Endelea hivyohivyo."

Wakati huo Profesa alikuwa hagusi chini. Meneja wa hoteli alikuwa ameamua kuwaandikisha wafanyakazi wote wa hoteli zake tatu, na angefika Jumatatu saa nne kukiona chuo na kutia sahihi. Maisha yake yote Profesa alikuwa akivua dagaa, leo kaja nyangumi mwenyewe. Alinunua tai ya tatu. Akapanda ngazi akipiga mluzi, akakuta mlango wazi.

Meneja alikuwa ameketi na kikombe cha chai. Mwalimu mstaafu alikuwa kwenye benchi. Nyuma ya meza, funguo zikiwa kiunoni, alikuwa Bi Funguo.

"Mama, samahani, hicho ni kiti cha mkuu wa chuo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekikalia."

Akampa Meneja karatasi. Meneja akasafisha koo na kusoma: "Mimi Mkuu wa Chuo, nikiwa na akili zangu timamu, namkabidhi mwanafunzi wangu bora, Bi Funguo, chuo, chumba, mashine na mhuri. Mimi nitabaki kuwa mwanafunzi wa kawaida." Akageuza karatasi upande wa pili, akairudisha. "Profesa, mhuri ni wako. Uliisoma hii, au hukuisoma?"

Profesa akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Hebu tumhurumie kidogo. Akisema hakuisoma, basi hakuna alichowahi kusoma, alama zote ni za uongo, na kituo cha polisi kipo ng'ambo ya barabara, mlango wazi. Akisema aliisoma, chuo kimekwenda na maji.

"Niliisoma," akasema.

"Na ukakubali?"

"Mhuri... ndivyo unavyosema."

"Unyenyekevu gani huu!" Meneja akamkumbatia, kisha akamgeukia Bi Funguo na kutia sahihi. "Sasa, mama, ule usimamizi wa stoo tumpe nani?"

"Mpe mpwa wako," Bi Funguo akasema. "Ila aje kwanza asome."

Wanafunzi wote wangeanza upya somo la kwanza, bila kulipa tena, kwa vitabu vya kweli vya mwalimu mstaafu. Profesa alikuwa ameshafika mlangoni, tayari kula kona, Bi Funguo alipomwita.

"Kazi ya kuendesha mashine ipo, mwanangu. Lakini hapa hafanyi kazi asiyesoma." Akamkabidhi bahasha. "Majibu Ijumaa. Na zile kurasa za kuku ninazo zote."

Akaenda nayo nyumbani amenuna. Alikusudia kuandika lolote tu. Swali la nne lilimtaka apange stoo ili mzigo wa zamani utoke kwanza. Akacheka kwa dharau. Akachora rafu. Akaifuta. Akachora nyingine, chai ikapoa, akaendelea kuchora.

Ijumaa iliyofuata karatasi ikarudi nyekundu kuanzia juu hadi chini. Thelathini na moja. Akasoma kila neno, akafika swali la nne, akaruka kutoka kitini na kukimbia hadi chuoni bila tai.

"Nimeonewa! Swali la nne, tano kwa kumi? Kwa nini?"

"Hukuacha njia ya kupita," akasema mwalimu mstaafu.

"Njia hii hapa! Tazama! Mtu anapita, na mzigo wake begani!"

Watu wangapi aliwahi kuwalaghai hata yeye hajui, lakini kuibiwa kitu alichokitolea jasho hakuwahi kukujua, na kulimuuma kwelikweli. Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Njia ipo. Saba."

"Kwa hiyo thelathini na tatu."

"Thelathini na tatu."

Profesa hakuondoka. Alisimama pale pale, mkono ameunyoosha, mpaka mwalimu akatia sahihi pembeni ya alama mpya, maana matapeli ni wengi mjini.