Bunduki Mpya na Ubao wa Sita

Jumamosi, 3 Juni

Baridi. Barafu kwenye nyasi hadi saa nne. Leo nimeizindua bunduki mpya mbele ya klabu nzima. Risasi tano, mita mia tatu. Ubao wangu wa shabaha ni wa tano. Haukuguswa.

Bevan, anayekaa handakini chini ya mbao akihesabu matundu, alisema kwenye redio kwamba wa tano ni safi kama shuka la harusi, lakini wa sita umepata matundu. Matano. Yote katikati kabisa, unaweza kuyafunika kwa kiberiti.

Ubao wa sita ni wa mzee Athol Brimble, tuliyemzika Aprili. Hapa kwetu njia ya marehemu, yaani mahali alipopigia na ubao wake, haipigwi hadi msimu uishe. Ubao wake unainuliwa kila Jumamosi, mtupu, kisha unashushwa. Kupiga ubao wa jirani ni aibu ya mwanagenzi, na alama yake ni sifuri. Kupiga ubao wa marehemu hata hakuna jina. Watu walivua kofia. Sijui kwa nini, hakuna aliyekufa leo.

Shemeji Lindsay akauliza: “Nev, umenunua bunduki au mbwa anayemtafuta bwana wake wa zamani?” Wakacheka, ila kidogo.

Athol alikuwa mmoja wa wanne wanaotuwakilisha wilayani. Nafasi yake iko wazi. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Lindsay, na itaamuliwa tarehe 17. Mimi nimekuwa mtu wa tano kwa miaka tisa. Kila nilicho nacho nimekipata kwa kutengeneza pampu za watu wasionisalimia madukani. Sitashindwa na mwanamume ambaye hadi leo anafuliwa na dada yake, yaani na mke wangu.

Jumapili, 4 Juni

Uchunguzi. Bunduki haina miujiza, ina skrubu. Mbili za darubini zilikuwa legelege. Nikafurahi, nikazikaza. Nikapitisha karatasi kati ya mtutu na mti wake. Ikapita bila kugusa, kama inavyotakiwa. Nikasafisha mtutu hadi kitambaa kikatoka cheupe.

Kisha hesabu. Kutoka katikati ya wa tano hadi katikati ya wa sita ni mita tatu na nusu. Kwa kosa la ukubwa huo, darubini ingekuwa imekaa upande kama kofia ya mlevi. Imekaa sawa. Na juu na chini hakuna kosa hata la upana wa kidole. Bunduki mbovu hutawanya. Hii haitawanyi. Inachagua.

Nimelifuta neno hilo la mwisho. Nimeliandika tena. Sikupata jingine.

Jumatano, 7 Juni

Malishoni kwangu, nyuma ya banda la kunyolea kondoo. Ubao mmoja, mita mia. Risasi tano, hakuna tundu. Tuta la udongo lililo nyuma yake nalo halina tundu. Nimelipekua kwa koleo. Kondoo waliacha kula, wakasimama wote wakiangalia upande mmoja. Si upande wangu.

Nikajaribu risasi za kiwanda kingine. Hakuna. Nikaweka darubini ya zamani. Hakuna.

Basi nikasimamisha ubao wa pili kando ya ule wa kwanza na, ili nisizichanganye, nikaupaka namba. Namba iliyonijia ni sita. Nikalenga ule usio na namba.

Matano. Katikati ya sita.

Mtu mwingine angeogopa. Mimi nimepata takwimu. Bunduki ni nzima. Tatizo ni njia niliyopewa.

Ijumaa, 9 Juni

Nimempigia simu Glenys, nahodha wetu, kuomba njia ya sita kwa ajili ya tarehe 17. Akasema anapenda kuamini kwamba hakunisikia vizuri. Nikarudia, polepole. Akasema mjane akiridhia, sawa. Alisema hivyo akijua hataridhia. Hanijui.

Nerida Brimble alinikaribisha jikoni. Chai, keki ya matunda, vikombe vitatu mezani. Sikuuliza. Pampu ya kisima chake ilikuwa inakohoa. Nikaitengeneza bure, nikanawa mikono, nikaingia kwenye mada.

Nilitarajia machozi. Alisema yeye hana pingamizi, ila si wa kuombwa yeye. Kila Jumamosi asubuhi bado anasikia mlango wa gari ukifungwa pale uani, na nyumba inabaki tupu hadi klabu inapofungwa. Akanikatia kipande kingine cha keki. “Ukimtoa pale, Nev, lazima apate pengine pa kukaa. Athol hakuwa mtu wa kusimama.”

Huzuni huwafanya watu waseme hivyo. Nikala keki. Amempigia Glenys mbele yangu. Njia ni yangu.

Jumamosi, 10 Juni

Mvua. Hakuna upigaji. Tulikaa kibandani tukinywa supu, wote, na Bevan akiwemo. Saa tano mvua ikakatika. Bendera za upepo zimelala. Ubao wa sita ukainuka, ukakaa, ukashuka.

Lindsay akamuuliza Bevan ni nani yuko handakini. Bevan akasema yeye ndiye mwenye ufunguo, na ufunguo upo mfukoni. Akautoa, akauweka mezani, hakuushika tena.

Nikawaeleza kwamba kapi la kuinulia ubao likilowa, uzito unacheza. Mimi ni fundi, najua. Hakuna aliyenishukuru. Glenys akaniuliza kama bado naitaka njia ile. Nikamwambia sasa naitaka zaidi, kwa sababu inaonekana iko tayari.

Jumamosi, 17 Juni

Jua, kimya, hakuna upepo. Mimi njia ya sita, Lindsay njia ya tatu. Wenye njia za jirani na yangu walikumbuka kazi za nyumbani.

Nikalala mkekani, nikalenga sita, nikafyatua. Bevan akasema kwenye redio: “Sita, hakuna kitu.” Kisha: “Tatu. Katikati.”

Lindsay hakuwa amefungua hata boksi la risasi.

Nikakaza skrubu. Nikafyatua tena. Tatu, katikati. Mara tano hivyo hivyo. Bevan alifika mahali akaacha kutaja namba, akawa anapumua tu redioni.

Lindsay aliinuka taratibu, akapangusa magoti. Akasema mkeka wake una baridi upande wa kulia, kama kuna mtu amejilaza hapo. Hakusema kwa utani, na huyu ni mtu anayetania hata mazishini. Akaacha bunduki, akaacha koti, akaondoka kwa miguu wakati gari lake lipo.

Glenys amenipa sifuri. Lindsay hakupiga, naye sifuri. Tumelingana. Uamuzi umesogezwa hadi tarehe 24. Mtu asiseme sina bahati.

Jumapili, 18 Juni

Mke wangu Joyleen hakulala. Amenituma kwa kaka yake nikamwombe radhi, na ameniambia nisirudi na bunduki ile. Nimepima matundu ya jana kwenye picha aliyopiga Bevan. Tangu klabu ianze hakuna aliyewahi kubana risasi tano kiasi kile. Kilichobaki ni suala dogo la ubao.

Lindsay hakufungua mlango. Alikuja dirishani amejifunga blanketi mbili, kioo kimefanya ukungu. Alikuwa amesogea pembeni mwa dirisha, kama mtu anayempisha mwenzake naye aone. Nikamjulia hali. Nikamwambia pole. Kisha nikamuuliza, kwa upole, kama Jumamosi ijayo atakuwa anaihitaji njia ya tatu.

Aliniuliza kama bunduki nimekuja nayo. Nikamwambia ipo garini.

Akafunga pazia.

Hakusema hapana.