Zulia la Enid, Udongo wa Thorburn

Jumatatu, 1 Septemba
Zulia jipya la sebuleni limetandikwa saa nne asubuhi. Kufika saa sita, tayari lina tundu. Vicheche wangu wawili wa kufugwa, wale wanyama wadogo warefu wa kuwindia sungura, Biddy na Meja, wamelifumua kwenye kona ya mlango wa jikoni kwa ufundi wa kupigiwa makofi. Mke wangu Enid hakupiga makofi. Amesema tundu moja limetosha. La pili likionekana, vicheche wataenda kwa kaka yake Stanley, ambaye hufuga wa kwake nje, kwenye kibanda cha mbao kinachopigwa na upepo, na kuwatuma mashimoni kufukuza sungura. Biddy wangu! Anayelala ndani ya soksi yangu! Siwezi kuishi bila wanyama hawa, na sioni aibu kuandika hivyo. Nimemwambia Enid aniachie mimi, nawajua wanyama. Amesema hilo hasa ndilo analoliogopa.

Jumanne, 2 Septemba
Nimeifunika kona kwa trei ya kuokea. Meja ameikwaruza saa nzima. Kelele za karakana! Kijitabu cha chama cha wafugaji kinasema kicheche hakatazwi kuchimba, hutafutiwa pengine pa kuchimba. Rahisi. Nimejaza kasha kilo tano za mchele wa Enid. Wamechimba vizuri sana. Wamechimbua wote. Sasa mchele uko chini ya makochi, ndani ya viatu na kwenye mfuko wa koti la Enid la kanisani. Nimemweleza kwamba haya ni majaribio ya kitaalamu. Amenipa ufagio.

Jumatano, 3 Septemba
Mchele una kasoro: haunuki. Kicheche anataka udongo, tena wa maana. Na udongo wa maana mji huu ni wa Thorburn. Kijishamba chake kimepakana na changu, nyuma ya reli. Miaka sita mfululizo amebeba kikombe cha mashindano ya liki, ile mboga ndefu ya jamii ya kitunguu, pale klabu, na liki zake nene kama mguu wa meza. Miaka sita ananipa mkono na kuniambia, "Pole Wilf, ndugu yangu, mwakani utajaribu tena." Mwakani! Mchanganyiko wa udongo wake ni siri, ingawa siri yenyewe inanuka samaki. Alipokwenda kunywa chai nimechota ndoo moja. Si wizi, ni kwa faida ya wanyama. Nimefukia vipande vya maini ndani yake ili wanafunzi wapende somo.

Alhamisi, 4 Septemba
Ushindi! Zulia halijaguswa. Wanaingia kashani, wanachimba, wanapata ini, wanalala. Enid amechungulia mara mbili, kisha amenipikia pai ya nyama na figo. Nimekula vipande vitatu. Ameuliza udongo nimeutoa wapi. Nimesema shambani kwetu. Amesema wa kwetu hauna harufu hii. Nimeomba kipande cha nne.

Ijumaa, 5 Septemba
Zulia bado ni zima. Kipaji cha namna hii kukifungia ndani ni dhambi. Kesho nitawatembeza Biddy na Meja mbele ya Thorburn, kila mmoja na kamba yake, aone kwamba kuna watu wenye akili kuliko mboga. Enid amesema nisithubutu kuwapeleka kule. Ana kijicho na mafanikio yangu, nadhani.

Jumamosi, 6 Septemba
Sina nguvu ya kuandika mengi. Thorburn alikuwa anapima liki zake kwa utepe. Nikaanza kumweleza habari za nidhamu. Kabla sijamaliza neno, kamba zikanichopoka. Wakaingia tutani moja kwa moja, kama watu waliorudi kwao, wakaanza kutafuta maini. Maini hayakuwepo. Ilikuwepo liki ya ubingwa, wiki mbili kabla ya mashindano, na sasa iko chali. Hapa kwetu ukivunja dirisha la kanisa utasamehewa. Ukiangusha liki ya mwenzio, hata salamu utanyimwa. Thorburn alipiga magoti, akaiinua kwa mikono miwili. Nilimhurumia kweli, kwa kitambo. Kisha akauliza polepole, "Wilf, hawa wanyama wako wameujulia wapi udongo wangu?" Nikasema ni wanyama wa akili nyingi. Akaja karibu, akaninusa koti.

Jumapili, 7 Septemba
Thorburn amekuja baada ya ibada. Hakukaa. Amekwenda kwenye kasha, akachota udongo kiganjani, akaunusa, akamtazama Enid. Enid amemwambia aende shambani kwetu achague liki yoyote ya kushindania. Nimeuliza, hata ile kubwa? Hasa ile kubwa. Na aliyezimwagilia kiangazi kizima ni nani? Mimi! Alipoondoka nikamkumbusha Enid kwamba zulia ni salama, kwa hiyo vicheche hawaendi popote. Amekubali. Amesema wao wamefundishwa wakafundishika, ila mimi ni sikio la kufa, halisikii dawa. Akasema hata hivyo kuna mmoja lazima aende kwa Stanley. Nikadhani ni Meja.

Jumatatu, 8 Septemba
Naandika katika chumba cha nyuma kwa shemeji Stanley. Nitakaa wiki tatu, mpaka mashindano yapite na watu wapoe. Nililia kidogo kwenye basi. Vicheche wako kwetu, wanalala sebuleni juu ya zulia, na Enid anawalisha nyama ya kuku kwa mkono wake. Nimetafakari sana na kosa nimeliona: ni maini. Yana harufu kali mno. Kwa kuku, haya yote yasingetokea.

Stanley ana mbwa mdogo anayefukua viazi vya mkewe kila siku. Shemeji amekata tamaa, anataka kumfunga mnyororo. Nimemwambia asijisumbue, anipe siku mbili tu. Jirani yake ana waridi zilizostawi ajabu kwenye udongo mweusi, laini, na hutoka kazini saa kumi na moja.