Malalamiko Juu ya Ng'ombe Aliyekataa Nyumba ya Mabati

Kalobeyei, Jumanne

Kwa Daktari wa Mifugo, Kakuma

Daktari mpendwa,

Ejok, kama wanavyosalimu Waturkana wa huku. Natumaini wewe na pikipiki yako mko salama. Mimi ni Didace, yule Mkongomani mwenye tumbo kubwa na ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo, Sifa, chotara wa Kitale, anatarajiwa kuzaa wiki hii, na kwa masikitiko nakujulisha kwamba amenihama. Yuko kwa jirani, Mama Lokaale, na hataki kurudi. Naomba uamuru arudishwe kabla hajazaa. Sababu zangu ni hizi:

1. Nyumba ya kuzalia nilimjengea kwa mikono yangu, kama tulivyojenga kwetu Masisi: kuta nne za mabati, dirisha moja dogo la adabu, sakafu ya simenti laini. Masisi kuna baridi, Daktari, upepo humdhuru mzazi. Kwamba Kalobeyei hakuna baridi, hilo ni kosa la Kalobeyei.

2. Mama Lokaale hana nyumba ya ng'ombe. Ana boma la miiba, paa la matawi na mchanga mkavu, basi. Sifa analala, anageuka, anainuka bila kumuuliza mtu. Mzazi gani hupewa uhuru wa namna hiyo?

3. Mama huyo ananidharau. Aliingiza kichwa kwenye nyumba yangu saa saba mchana, akakitoa mbio, akaniuliza: "Baba Shalom, hapa ni pa kuzalia ama pa kuoka mkate?" Wanawake waliokuwa bombani walicheka mpaka mitungi ikafurika. Nami nilicheka kidogo, kwa heshima tu.

4. Mke wangu, Élisabeth, amehamia upande wao. Anasema mwaka jana Sifa aliteleza kwenye simenti yangu akizaa, akalala kwenye majimaji siku mbili, kiwele kikavimba, na ndama hakuiona jioni. Ni kweli. Nilikuwepo. Alikuwa jike, mwenye doa jeupe puani. Lakini nyumba nimeshairekebisha: nimeipaka rangi.

5. Nahofia tabia hii itaenea. Leo ng'ombe anachagua pa kuzalia, kesho kuku atakataa kikapu, keshokutwa Élisabeth ataniuliza kwa nini chumba chetu kina dirisha dogo. (Ameshauliza.)

Ikiwa sheria haikuruhusu kumrudisha Sifa, basi mlazimishe Mama Lokaale naye ajenge kuta za mabati, tulingane kwa joto.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na Garad anayewaletea dawa kutoka Lodwar. Mwanangu Shalom na mama yake wanakusalimu, ingawa hawajui nimeandika nini.

Mimi, ninayeteseka kwa haki,
Didace

N.B. Barua hii imekaa mfukoni siku tatu, sikupata mtu wa kwenda Kakuma. Sifa alizaa jana asubuhi, kwenye mchanga, peke yake. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe kabla ya adhuhuri. Ndama ni jike. Amesimama na ananyonya. Nililia, Daktari, usimwambie mtu. Tafadhali usimrudishe Sifa. Mabati nimeanza kuyang'oa. Njoo na dawa ya kitovu cha ndama, na ukifika piga hodi kwa Mama Lokaale: niko huku kivulini tangu Jumanne, na hata malalamiko haya nimeyaandikia hapa, maana kwangu hakukaliki.