Kona Yenye Joto

Jumatatu, 10 Machi

Joto la Guayaquil leo! Shati limenigandia mgongoni tangu asubuhi. Afadhali ndani ya bohari yetu ya dawa, chumba baridi kimetulia kwenye nyuzi tano. Kote isipokuwa kona ya nyuma.

Tumeanza kuchora ramani ya joto ya chumba. Kila rafu inafungwa vipimajoto vidogo vinavyojiandikia vyenyewe, juu, katikati na chini, mpaka ijulikane kila sehemu ina baridi kiasi gani. Insulini na chanjo zisije zikakaa penye joto zikaharibika. Kazi ya mtu makini. Ningeisimamia mimi. Anaisimamia Mhandisi Narcisa Tomalá.

Nafasi ya Mkuu wa Ubora iko wazi. Tunaoitaka ni wawili: Narcisa, mwenye vyeti, na mimi, Wellington Quimí, mwenye kipaji. Don Anselmo, meneja wetu, ataamua Ijumaa.

Leo Narcisa kamwambia kwamba kona ya nyuma ina joto. Sehemu yenyewe ina ukubwa wa mtu, alisema. Anataka rafu ile iachwe tupu. Don Anselmo akakunja uso. Shehena kubwa ya insulini inaingia wiki ijayo, kila rafu inahitajika.

Nikamfuata ofisini kwake. Nikamnong'oneza kwamba kona haina ubaya, kibovu ni kipimajoto. Akanitazama kwa upendo. Nadhani ulikuwa upendo.

Yagual, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo, hupiga hodi kila akiifikia kona ile. Nilimuuliza anampigia nani. Akasema hajui, ila siku akisahau, shingo humchoma. Ushamba mtupu!

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa kwanza. Mzuri mno.

Narcisa alipotoka kunywa kahawa, nilikifungua kipimajoto cha kona nikakihamishia rafu ya katikati. Cha katikati nikakipeleka kona. Hesabu zikivurugika, aonekane hajui kazi yake.

Hazikuvurugika. Cha kona kilipofika katikati kikashuka, kikatulia kwenye nyuzi tano kama wenzake. Cha katikati kilipofika kona kikapanda. Kwa maneno mengine, nimemthibitishia adui yangu kwamba vipimajoto vyote ni vizima na kona ndiyo yenye joto. Kawatangazia wote kwamba anamshukuru aliyefanya jaribio hilo zuri, yeyote yule. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Mchana mafundi walikagua feni, ukuta, dari. Hakuna tundu. Jua halipigi upande ule. Narcisa akaishika rafu kwa kiganja, akakiondoa haraka. Akasema ni kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Hakuna aliyecheka. Nilicheka mimi. Sauti yangu ilirudi kutoka kwenye kona ikiwa nzito kidogo kuliko nilivyoitoa. Vyumba vitupu ndivyo vilivyo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika taa zote zikiwa zimewashwa.

Leo lilikuwa jaribio la kukata umeme. Mlango unafungwa, umeme unazimwa, halafu tunangoja kuona chumba kitashika baridi mpaka lini. Mji huu umeme hukatika wakati wowote upendao, kwa hiyo ni lazima tujue. Na ni marufuku kabisa kufungua mlango. Marufuku hiyo ni kwa watu wasio na mipango.

Wenzangu walipokwenda kula wali na maharage, niliingia na mifuko ya barafu ndani ya koti. Nia yangu ilikuwa kukizungushia kipimajoto cha kona barafu mpaka kisome baridi. Kona ipite, insulini ijazwe, nami niitwe Mkuu.

Nikajifungia. Tochi mkononi. Feni zimezimwa. Sikuwahi kukisikia chumba kile bila feni. Kimya kinaziba masikio.

Nikafika kona. Nikafunga mfuko wa kwanza. Ndipo nikasikia pumzi. Nikadhani ni zangu, nikazizuia. Zile nyingine zikaendelea. Taratibu, za mtu asiye na haraka.

Mfuko wa pili ulikuwa mgumu kama jiwe nilipoutoa kwenye koti. Ukalegea mkononi. Maji ndani yake yalikuwa ya uvuguvugu, kama chai iliyosahaulika.

Halafu shingoni, chini kidogo ya sikio, hewa ya moto. Ile ya mtu anayechungulia unachofanya.

Nikaita, Yagual? Nikasema kwa adabu ambayo hata mama hajawahi kuisikia kwangu, samahani mkubwa, nilikuwa natoka. Nikatoka. Nilikimbia, sikatai, lakini kwa utaratibu.

Hakuna aliyeniona. Hilo ndilo la muhimu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeonekana.

Narcisa alituita mbele ya kompyuta, Don Anselmo, Yagual na mimi. Vipimajoto vyote vimeandika dakika baada ya dakika, naye kazigeuza namba kuwa rangi. Baridi ni buluu, joto ni jekundu. Akaanza kuchezesha mchana wa jana.

Chumba chote buluu. Kule kona, doa jekundu, limesimama. Kisha mlangoni likaingia doa la pili. Likajikongoja kati ya rafu. Likasita. Likaenda kona.

Don Anselmo akanigeukia.

"Quimí. Hilo ni wewe?"

Nikasema huenda ni panya.

"Panya mwenye kimo chako?"

Wakati huo madoa mawili yalikuwa yamesimama bega kwa bega. Lile la kona likasogea nyuma ya langu, karibu kabisa. Langu likakurupuka kuelekea mlangoni. Lile jingine likalifuata, likaacha hatua moja tu katikati. Mlango ukafunguka. Yakatoka yote mawili.

Baada ya hapo chumba kizima buluu. Kona pia. Nyuzi tano.

Yagual akafanya ishara ya msalaba. Narcisa alikuwa mweupe kama fulana yake. Don Anselmo peke yake ndiye aliyekasirika.

"Uliingia na nani?"

"Peke yangu, bosi."

"Macho ninayo, Wellington! Mtaje mwenzako."

Nikaapa kwa Bikira. Akasema wizi wa barafu angesamehe, kuharibu jaribio angefikiria, lakini kumficha mshirika ni dharau. Insulini ya mji mzima, akasema, watu wangejidunga maji matupu kwa ajili ya cheo chako. Nikafungua vifungo vya shati. Nilikuwa nasikia joto sana.

Ijumaa, 14 Machi

Narcisa ndiye Mkuu wa Ubora. Mimi nimefukuzwa. Jaribio limerudiwa, kona imepita vizuri, shehena itapangwa mpaka juu. Yaani kona niliitengeneza mimi! Shukrani ya punda.

Getini Narcisa alinifuata mbio. Nilidhani kaja kunicheka. Akasimama mbali kidogo, akitazama juu ya bega langu.

"Kaka Wellington, nenda kwa padri. Usilale kabla hujaenda."

Wivu. Nimemwambia hivyo. Akaanza kurudi kinyumenyume.

Jumamosi, 15 Machi

Mama kapika ndizi za kuponda na jibini. Kaweka sahani tatu. Nilimkumbusha kwamba tuko wawili. Akaushika ubao wa benchi pembeni yangu, akasema usinifanye mjinga, mwanangu, hapa pana joto la mtu aliyekaa sasa hivi, mwambie ale kabla hakijapoa.

Hakikupoa. Tulipomaliza, sahani ya tatu bado ilikuwa inatoa moshi.

Nimeoga mara nyingi. Mgongo haupoi.

Sikwenda kwa padri. Nimekaa nikifikiri. Kona ilikuwa na ugonjwa, mafundi wameshindwa, mimi nimeingia mara moja tu ikapona. Mtu mwenye uwezo huo anatafuta nini kwa padri? Anatafuta wateja!

Jumanne, 18 Machi

Mafanikio!

Leo nilikuwa Durán, mji wa ng'ambo ya mto, kwenye bohari ya chanjo ambayo ramani yake imekataliwa kwa sababu ya joto chini ya ngazi. Nimejitambulisha kama mtaalamu. Niliomba niachwe peke yangu na feni zizimwe. Nikasimama pale chini ya ngazi. Zikaja pumzi, nyepesi, fupifupi, kama za mtoto aliyekimbia. Nikamwambia haya, twende. Wa nyuma yangu akajisogeza kumpa nafasi, nilimsikia.

Vipimajoto vikashuka palepale. Mwenye bohari alinikumbatia, kisha akaniachia upesi na kuniuliza kama nina homa. Nikasema ni bidii ya kazi.

Sasa ni jioni, naandika kitandani. Nimelala ukingoni kabisa, nafasi imekuwa ndogo. Mmoja anapumua taratibu, mwingine upesi upesi. Mtu huzoea.

Kesho naenda mji wa Milagro. Wameniambia kwamba huko chumba kizima kina joto, ukuta hadi ukuta. Nimewajibu wasiwe na wasiwasi, nitawachukua wote waliomo kwa safari moja.